Mchezo wa Tembe za Rangi na Maneno Yake

Wenzangu wengi wa vidato vya chini wameniuliza habari za mchezo tuliokwenda kuucheza mwisho wa muhula uliopita, ule wa kupigana kwa rangi uitwao peintiboli. Wengine wamesikia kwamba tulipewa bunduki, na wengine kwamba mwenzetu mmoja alivunjika jino. Habari hii ya pili si kweli. Ile ya kwanza ina ukweli kidogo, nayo ndiyo iliyonitia taabuni nyumbani, basi nitaanza nayo.

Asubuhi ile ya Jumamosi bibi yangu, ambaye kwetu twamwita Jjajja, alinisindikiza mpaka langoni mwa shule, amechukua chakula changu kikapuni. Basi la shule lilikuwa tayari. Mwalimu wetu wa Kiswahili akapiga makofi, akasema kwa sauti kubwa, "Haya, pandeni gari!" Mara Jjajja akanishika mkono kwa nguvu. Nikamtazama, nikaona macho yake hayapo pale tulipo. Kisha akaniachilia bila ya kusema neno, nami nikapanda. Tukapita Kalerwe na Mpererwe, tukashika njia ya Gayaza, na wenzangu wakaimba njia nzima.

Jioni niliporudi ndipo aliponieleza. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 askari walikuwa wakizunguka mitaa ya Kampala, wakiwakusanya watu kwa makundi na kuwatia katika malori, na amri yao ilikuwa maneno hayo mawili. Wengi waliopanda hawakurudi. Hata watu wa mjini wakauita msako wenyewe "panda gari". Jjajja alikuwa msichana wa miaka 19, na kwao ni Semuto, katika nchi ile iitwayo Pembetatu ya Luwero, ambako vita vilivyoanza mwaka 1981 viliwaka sana. Kiswahili alichokijua siku zile kilikuwa kifupi: simama, lala chini, toa pesa, panda gari. Sisi leo twafundishwa lugha hii darasani, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali iwe lugha rasmi ya nchi. Lakini kwake yeye bado ni lugha iliyogonga mlango usiku.

"Na huko mlipewa nini mikononi?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Tulipewa maka, Jjajja."

Hapo akacheka, maana kwa Luganda neno hilo ni kama kusema nyumba na watu wake. "Wewe, mtu apewaje maka ayashike mkononi?" Nikafurahi kumwona akicheka, nikakaa naye jikoni, nikamweleza mchezo wote toka mwanzo, kama nitakavyowaeleza ninyi.

Maka ni chombo cha kutia alama. Sitaki kukiita bunduki, na si kwa ajili ya Jjajja tu. Wachezaji wenyewe hawapendi jina hilo, na kweli asili yake si ya vita. Kilitengenezwa kwa kazi ya mabwana misitu na wafugaji wa Marekani, wapate kutia alama ya rangi katika miti ya kukatwa na ng'ombe wa kutengwa pasipo kuwakaribia. Tarehe 27 Juni 1981, katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire, watu 12 walishika vyombo hivyo wakashindana kutafuta bendera zilizofichwa. Aliyeshinda ni mtu wa misitu, Ritchie White, naye alikusanya bendera zake bila ya kupiga hata tembe moja. Nilipomwambia Jjajja mwaka huo alirudia polepole, "1981," akaendelea kuchambua mchele.

Juu ya maka kuna chombo kama kibuyu, ndicho hopa, na humo hukaa tembe. Nyuma au chini yake hufungwa mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, nayo hewa hiyo ndiyo isukumayo tembe itoke mtutuni. Hamna baruti wala moto. Tembe yenyewe ni duara, unene wake milimita 17 hivi, uzito wake gramu 3 au karibu. Ganda lake ni la jelatini, kama lile la tembe za mafuta ya samaki tulizokuwa tukinywa utotoni, na ndani yake mna maji mazito yaliyotiwa rangi ya chakula, ambayo hutoka kwa kuoshwa. Tembe yataka kutunzwa kuliko yai. Ikilowa huvimba ikakwama, ikikaa juani hulegea. Iliyoanguka chini haiokotwi ikarudishwa katika hopa, maana huleta mchanga na unyevu. Ikipasukia ndani ya maka, sisi twasema "ana uji": mtutu umejaa utelezi, na kila tembe itokayo huenda itakako yenyewe. Mwenye uji hupoteza nusu ya siku akisugua mtutu kwa kitambaa, kama nilivyofanya mimi katika mchezo wa kwanza.

Kabla ya kuingia kiwanjani kila maka hupimwa mwendo kwa kronografu. Mwendo wa juu unaokubaliwa katika viwanja vingi ni futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91 hivi, na mahali pa wanafunzi hupunguzwa zaidi. Mwendo huo juu ya paja huacha alama nyekundu ya siku tatu au nne. Katika jicho huweza kupofusha. Kwa hiyo chombo cha kwanza katika mchezo huu si maka, ni barakoa, ambayo hufunika macho, uso mzima na masikio. Na hapa nawaomba wadogo zangu wanisikilize vema. Barakoa hupata ukungu kwa joto na pumzi, nawe utashikwa na hamu ya kuiinua kidogo upate kuona. Usiinue. Inua mkono juu, piga kelele, uongozwe mpaka nje ya wavu, huko ndiko kwa kuivulia. Hata kama mchezo umekwisha na watu wanacheka, aliye ndani ya wavu havui. Na kila atokaye huvika mtutu wake kifuko, kiitwacho soksi, ili maka ikijilipukia tembe isifike popote.

Sasa maneno ya kiwanjani. Bunka ni kila kitu cha kujifichia: kwetu yalikuwa matairi, mapipa na magunia ya mchanga. "Nifunike" maana yake upige tembe mfululizo upande wa adui ili asiinue kichwa, nami nikimbilie bunka la mbele. "Njia" ni uwazi kati ya bunka na bunka, nao wachezaji hodari hulenga njia, si mtu, wakijua mtu atapita. Ukimfikia adui karibu sana, kiasi cha hatua tatu au nne, hupigi. Wamwambia, "Jisalimishe," naye akikubali hutoka. Ni heshima tu, maana tembe ya karibu yauma vibaya. Kuna pia hila ya kujifanya umekwisha kupigwa, ukatembea polepole kuelekea kwa adui na kisha ukawageukia. Viwanja vingi huikataza, na mimi naona vyafanya haki.

Neno "nimekufa" tulikubaliana tusilitumie. Nahodha wetu, dada mmoja wa kidato cha tatu, alisema husemwa "nimepigwa", basi.

Yapasa pia kujua ni lini mtu amepigwa. Tembe ikikugusa na kupasuka, ikaacha rangi, umepigwa, hata kama ni kwenye kiatu au kwenye maka yako. Ikikugusa isipasuke, twasema "imedunda", nawe waendelea. Rangi iliyokurukia kutoka katika bunka lililopigwa haihesabiwi. Ukiwa na shaka, waita "Kagua!" naye mwamuzi huja kukutazama mgongoni na pengine pote usipoweza kupaona mwenyewe. Lakini kiwanja ni kikubwa na waamuzi walikuwa wawili, kwa hiyo mara nyingi hapana anayejua isipokuwa aliyepigwa.

Jjajja aliponisikia hapo aliacha mchele. "Ngoja, mjukuu wangu. Aliyepigwa ndiye asemaye kwamba amepigwa?"

"Naam. Huinua mkono, akasema, akatoka mwenyewe."

"Na yule asiyesema?"

Nikamwambia, huyo huitwa mfutaji. Hufuta rangi upesi kwa mkono au majani, akaendelea kama kwamba halikutokea neno. Hukumu yake ni kutolewa, na pengine mwenzake mmoja pamoja naye. Jjajja akatikisa kichwa. Akasema kwamba angalau huu ni mchezo kweli, kwa sababu katika ule walioucheza wakubwa Semuto hakutokea hata mmoja aliyeinua mkono akasema ni zamu yake kutoka. Kisha akaniuliza kama nilipigwa. Nikasema nilipigwa mara moja, katika mchezo wa kwanza. Nikanyamaza.

Hilo lilikuwa nusu ya kweli. Katika mchezo wa tatu, wa mwisho, tulikuwa saba kwa saba, na bendera ilikuwa juu ya mti katikati ya kiwanja. Safari hii nahodha wetu alikuwa upande wa pili, kwa kuwa mwalimu aliwagawa wakubwa upya. Sisi tulibaki wawili, wao watatu. Nilikuwa nimelala nyuma ya pipa, miguu yangu imetokeza nisijue, nikasikia kitu kimenichapa juu kidogo ya kiatu cha kushoto. Nikatazama: soksi yangu ina rangi ya manjano, kama ute wa yai. Wala haikuwa rangi ya kurukia. Nilijua. Lakini bendera ilikuwa hatua kumi mbele yangu, na waamuzi wote wawili walikuwa upande wa matairi wakimkagua mtu mwingine. Nikang'oa konzi ya majani, nikafuta, nikavuta suruali ya kiwanja juu ya soksi. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Kisha nikamwita mwenzangu anifunike, nikakimbia, nikaishika bendera.

Tulibebwa juu juu. Nahodha akaja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hukuona mguuni?"

Nikasema, "Imedunda."

Mwaona jinsi lugha ya mchezo inavyofaa kwa uongo mtu akiijua vizuri. Nisingeweza kumwambia "hukunipiga", maana ningeona haya. Lakini "imedunda" lilikuwa neno la fundi, likatoka lenyewe. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya," akaenda kuvika mtutu wake soksi.

Jumapili Jjajja alikusanya nguo za kufua. Mimi nilikuwa nje nikichota maji. Niliporudi nilimkuta ameshika soksi yangu ya kushoto, ameinyoosha juu ya goti lake. Majani yalikuwa yamekauka pamoja na rangi, kijani juu ya manjano.

"Hii ndiyo ile ya mara moja?"

Nikataka kusema ndiyo. Lakini mchezo wa kwanza nilikuwa nimekwisha kumweleza kwamba nilipigwa begani. Nikasema, "Siyo, Jjajja."

"Ukainua mkono?"

"Sikuinua."

Nilidhani atanikaripia. Aliitia soksi ndani ya beseni, akaisugua mpaka maji yakawa manjano, akayamwaga chini ya mgomba. Kisha akaniuliza jina la yule aliyenipiga, na kama anakaa mbali. Nikasema twaonana shuleni. "Basi ni karibu," akasema. Hakurudia tena neno hilo, na mpaka leo hajalirudia.

Jumatatu nilimngoja nahodha nje ya maktaba. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yote yakanipotea, nikasema tu, "Haikudunda."

Akajibu, "Najua. Niliiona ikipasuka." Nikamwuliza mbona hakumwita mwamuzi. Akasema alimwita, lakini mwamuzi alipogeuka mimi nilikwisha shika bendera na watu walikuwa wakishangilia, akaona haifai kugombana mbele ya wageni. Kisha akaniambia kwamba safari ijayo sitacheza mchezo wa kwanza, nitavaa barakoa na fulana ya waamuzi, nishike zamu ya "Kagua!" upande wa mapipa, kwa kuwa mimi nafahamu mahali rangi inapoweza kufichwa. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, ila nilikubali.

Safari hiyo itakuwa Jumamosi ya tatu ya muhula ujao. Wanaotaka kwenda waandike majina yao kwa nahodha. Mje na viatu vya kufungwa kamba, soksi ndefu, fulana ya mikono mirefu na maji ya kunywa. Barakoa, maka na tembe hutolewa huko. Kila mmoja alete barua ya mzazi au mlezi. Yangu Jjajja amekwisha kuitia sahihi, nami nimemwomba Mwalimu kwamba siku ile, Jjajja akiwapo langoni, atuambie "Ingieni" tu.