Mashini Iko Mugonjwa, Haijakufa

Nilivuka Rusizi na begi moja: nguo, dawa za mama, na laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 2. Diploma yangu ya Serikali ilibaki Bukavu ndani ya nyumba. Nakala yake niliyoipiga skani ilikuwa humo kwenye laptopu, na hakuna pengine.

Siku moja, pale Nyarushishi, nikaiwasha. Windows ikazunguka, ikazunguka, ikagoma. Nikaipeleka Kamembe kwa fundi. Akaitazama kidogo: "Tuformati tu." Na vitu vya ndani? "Vitaenda, bana." Nikairudisha begini.

Yaya mmoja wa hangari ya jirani, aliyefundisha informatiki Uvira, akacheka. "Hii mashini iko mugonjwa, haijakufa. Usiifute kwanza."

Alikuwa na flashi ya GB 8 yenye Xubuntu. Tukaichomeka, tukabonyeza F12 wakati inawaka (yako inaweza kuwa Esc au F2). Xubuntu inakupa njia mbili: kujaribu au kuinstali. Tukachagua kujaribu. Ndugu zangu, hapo msikosee: ukijaribu, mfumo unatembea ndani ya RAM, na diski haiguswi mpaka wewe mwenyewe uifungue.

Ilikawia hadi nikadhani imekwama. Kisha skrini ikafunguka, na tulipoingia kwenye diski, mafaili yote yalikuwapo. Nikanakili diploma mara mbili, kwenye flashi mbili. Mama akaitazama muda mrefu, akasema: "Basi ile minervali haikupotea."

Ndipo tukainstali. Palipoandikwa kufuta diski yote, mkono ulinitetemeka, lakini sasa hapakuwa na cha kupoteza.

Nikauliza nani anatengeneza kitu hiki. Yaya akanieleza kama ukoo. Kiini chake, Linux, alikianza Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, mwaka 1991. Mwaka 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, ambayo watu wa kujitolea wanaijenga hadi leo. Juu ya Debian ikajengwa Ubuntu, 2004. Halafu wengine, nao wa kujitolea, wakaivisha Ubuntu sura nyepesi inayoitwa Xfce, ili mashini dhaifu kama yangu ziweze. Ile X ya Xubuntu inatoka hapo.

Jirani yetu Mnyarwanda aliposikia jina akatabasamu. Kwake ubuntu ni utu, na ku buntu ni bure.

Bure tunaijua sisi: foleni, kadi, na kupokea ulichopewa. Hii ni bure nyingine. Unaichukua, unaifungua uone ndani, unaibadilisha, unampa mwenzako, na hakuna mtu wa kuomba ruhusa kwake.

Nilipotaka kuongeza programu, nikaandika sudo, mashini ikadai neno la siri. Nikaandika; hata nukta moja haikuonekana. Nikadhani kibodi imekufa.

"Inakusikia," yaya akasema. "Inaficha tu. Maliza, bonyeza Enter."

Ikakubali. Tangu nivuke, kila mahali mimi ndiye ninayeomba ruhusa. Siku hiyo mashini iliniomba mimi.

Chuo bado hakijajibu maombi yangu. Lakini diploma imeshatumwa, na ile flashi iko hangari ya tatu sasa. Ukiihitaji, uliza. Ila nakili vitu vyako kwanza.