Majani ya Baba

Nimepotea kidogo ndugu zangu, mnisamehe. Kazi za gazeti zilinibana. Leo siandiki siasa, naandika majani.

Nyumbani kwetu Themi, nyuma ya jiko, marehemu baba alipanda mabingobingo ya kulisha ng'ombe wake mmoja. Baba akafariki, ng'ombe akauzwa nikasome Mlimani, majani yakabaki. Yamepita mita tatu! Mimi msomi nikawa naona aibu wageni wakija.

Juzi nilifuata habari kwenye hoteli moja mjini, nikakuta bustani ina majani marefu mekundu, yenye manyoya kama mkia wa paka. Nikasema, hiyo ndiyo bustani. Nikaenda kwa wauza miche barabarani, nikanunua mashina matatu. Jumamosi nikashika jembe ning'oe ya baba.

Mama akatoka jikoni, akaitazama miche yangu, akacheka. "Mwanangu, si umenunua mabingobingo mafupi haya?"

Nikabisha. Usiku nikasoma... mama kashinda! Wataalamu wanayaweka kwenye jenasi moja, Cenchrus, zamani Pennisetum. Ndugu yao mmoja mwenye manyoya kama hayo, asili yake Afrika, alipelekwa Hawaii kuwa pambo, akatoroka bustanini, sasa ni gugu linalochochea moto. Na haya ya baba? Kenya, watafiti wa ICIPE huwashauri wakulima wayapande kuzunguka mahindi. Nondo wa viwavi vinavyotoboa mabua huvutiwa nayo na kutaga mayai humo, viwavi wengi wakafa kwa utomvu wake. Huku kwetu Meru yanashika udongo kwenye makinga maji.

Lakini kilichonikata maini ni kingine. Asubuhi, mama mjane wa jirani alikuja na panga, akakata mzigo wa ng'ombe wake. Jioni akaleta chupa ya maziwa. Kumbe ndivyo ilivyo miaka yote! Mimi mwandishi, kazi yangu kuuliza, sikuwahi kuuliza maziwa ya chai yetu yanatoka wapi.

Miche mekundu nimeipanda mbele, karibu na geti. Ya baba hayang'olewi. Mvua za Machi zikianza nitayaongeza: kipande chenye pingili tatu, mbili ardhini, moja juu, kimelala kidogo. Mama ndiye kanifundisha.

Na wewe, nyuma ya jiko lenu kuna nini?