Treni Ikizimika Yorkshire, Boti Ikizimika Idjwi

Kuna watu hapa Uingereza wanaotoa pesa ambayo kwetu Bukavu, Kongo, ingelipa kodi ya nyumba mwezi mzima, ili wapande treni ya mvuke, wakae kutwa kwenye viti vya kizamani, wanuse moshi wa makaa, na jioni warudi palepale walipoondokea. Hawaendi msibani wala sokoni. Walichonunua ni safari yenyewe. Na treni hiyo ikiharibika njiani, wengi wao hawanuni. Wanateremka na kamera.

Sikuamini mpaka mwenzangu wa kazini, mzee anayekaribia kustaafu, aliponishawishi tufuatane. Njia ilikuwa ile ya Settle kwenda Carlisle, inayokwea milima ya Yorkshire na kupita juu ya daraja la Ribblehead lenye matao 24. Hatukufika darajani kwa mvuke. Treni ilipunguza mwendo, ikajivuta, ikasimama kwenye stesheni ndogo yenye kondoo wengi kuliko watu. Mimi, mtoto wa Muhumba, Bukavu, nikafanya nililolizoea: nikachungulia dirishani nione kama wafanyakazi wanakimbia, na kama wanakimbia, wanaelekea wapi. Bwana aliyekaa mbele yangu alitazama saa yake, akafungua daftari, akaandika dakika tuliyosimama. Basi. Hakuuliza kitu.

Tangazo likaja: injekta moja imegoma na ya pili inasuasua. Injekta, kwa asiyeijua, ni kifaa kidogo cha shaba kinachotumia nguvu ya mvuke wa boila hiyohiyo kusukumia maji ndani yake. Injini huwa na njia mbili za kulisha boila, moja ikikataa nyingine ishike. Maji yasipoingia, kina kinashuka. Kikishuka chini ya dari ya tanuri, vizibo vya risasi vilivyowekwa pale vinayeyuka, mvuke unamwagikia moto na kuupunguza makali kabla boila haijapasuka. Hakuna dereva anayetaka kufikishwa huko. Zote mbili zikigoma, moto unatolewa, na siku ya mvuke imekwisha.

Haya yote nilifundishwa jukwaani, bila kuomba, na watu watatu tofauti. Maana tangazo lilipokwisha, nusu ya behewa letu ilishuka kwenda kusimama kando ya injini. Mmoja akasema ni uchafu kwenye maji. Mwingine akasema hapana, tatizo ni makaa: tangu mgodi wa Ffos-y-Fran kule Wales ulipofungwa mwaka 2023, reli za kumbukumbu zinachoma makaa yaliyovuka bahari, na kila shehena ina tabia yake. Wa tatu akamkatiza kwamba makaa hayahusiani kabisa na injekta, na hapo ukazuka ubishi wa heshima, mikono mifukoni, ambao kwetu ungekwisha kukusanya watoto wa mtaa mzima. Chini ya chumba cha dereva, fundi alikuwa amepiga magoti, akigonga bomba kwa spana, taratibu, huku akisikiliza. Aligonga, akasikiliza, akamwagia maji ya baridi, akajaribu tena. Mvuke ukatoka pasipotakiwa. Watu wakapiga picha.

Uchungu wa kweli ulikuja baadaye. Treni hizi mara nyingi hufungwa injini ya dizeli nyuma kwa ajili ya siku kama hiyo. Ilipoletwa mbele ili itukokote, behewa zima liliguna. Kwangu mimi ilikuwa habari njema: tunaondoka! Kwao ilikuwa msiba mdogo. Kwenye madaraja tuliyopita kulikuwa na wapiga picha waliokuwa wamesimama na vigoda vyao tangu asubuhi wakisubiri moshi. Walipoiona dizeli, baadhi walizishusha kamera bila hata kubonyeza. Nisidanganye kwamba wote walitabasamu. Mama mmoja alikuwa amemleta baba yake mzee sana kwa siku yake ya kuzaliwa, na alimweleza mhudumu wazi kwamba hakulipia dizeli. Mhudumu akamwandikia namna ya kudai sehemu ya nauli, akamletea mzee chai. Mzee mwenyewe alikuwa bado dirishani, akiwaeleza majirani zake jinsi injekta inavyofanya kazi.

Ili uwaelewe watu hawa, ujue kwamba mashine hizo hazikuachwa kwao na serikali. Treni za mvuke zilikoma kwenye reli kuu za Uingereza Agosti 1968. Zinazotembea leo zinatembea kwa sababu kuna watu waliokataa, wa kwanza wao wakiwa watu wa kujitolea waliochukua reli ndogo ya Talyllyn, Wales, mwaka 1951, ambayo kazi yake ilikuwa kubeba mawe ya kuezekea. Wengine wakaenda mbali zaidi. Injini iitwayo Tornado si ya zamani hata kidogo: mradi wake ulianza 1990, ukakamilika 2008, kwa michango ya watu wa kawaida. Tarehe 14 Aprili 2018 ilikuwa ikiwapeleka abiria York kutoka London, ikiwa na ruhusa ya kwenda maili 90 kwa saa, ndipo vyuma vyake vya ndani vilipoharibika vibaya karibu na Sandy. Mwenzangu alinisimulia siku hiyo kwa sauti ya mtu aliyepokea habari za ndugu aliyelazwa. Hakuuliza nani afukuzwe kazi. Aliuliza nini kimevunjika na kitatengenezwa lini.

Mapenzi haya yana upuuzi wake pia. Injini ya mvuke Flying Scotsman iliporudi njiani Februari 2016 baada ya matengenezo yaliyokula pauni milioni 4.2, kilichoisimamisha siku ya kwanza hakikuwa ubovu. Mashabiki waliingia relini ili waione vizuri, ikabidi treni isimame kuwangoja watoke.

Sasa turudi nyumbani.

Bukavu haijawahi kuwa na treni. Wabelgiji walijenga reli kutoka Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, ikapanda bonde la Ruzizi zaidi kidogo ya kilomita 90, ikafika Kamanyola mapema miaka ya 1930 na kukomea hapo, milima ya Ngomo ikiwa mbele yake. Kuanzia hapo mzigo ulipakiwa kwenye malori. Reli ikafungwa kabla ya uhuru, na leo msafiri wa Uvira anakabiliana na Ngomo kwa gari, au anazungukia Rwanda ili aikwepe. Kwa hiyo kwetu Muhumba, kwenye rasi ile ya nyumba kubwa za Wabelgiji ambako sisi tuliishi aneksi, treni ilikuwa hadithi ya watu waliokulia Kalemie au Kindu. Mashine tuliyoijua kwa mlio ni boti. Usiku tulizisikia zikitoka kwenda Goma, na Mama aliweza kusema ni ipi bila kusogea dirishani.

Moja ya hizo ilituzimikia usiku kwenye Ziwa Kivu, kisiwa cha Idjwi kikiwa upande mmoja, giza upande mwingine. (Haya ni ya zamani. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, kusafiri ni shida ya namna nyingine.) Injini ilipokufa, kitu cha kwanza tulichokisikia ni kimya, halafu maji yakigonga mbavu za boti, halafu sauti ya mama mmoja mwenye marobota ya vitenge:

"Kapiteni, iko nini tena?"

"Dakika tano tu, mama."

"Hizo dakika tano za nani?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kifupi. Na hapo ndipo utakapoona kwamba hatuko mbali sana na wale wazee wa Yorkshire, maana mabishano yalianza papo hapo. Mmoja akasema ni mazutu, yaani dizeli, wamechanganya na maji. Kijana aliyewahi kuwa boyi-shofa wa lori akasema ni filta. Mwalimu mmoja akasema ni uzito, na akawa wa kwanza kusema kilichokuwa kwenye mioyo ya wengi. Kundi la akina mama likaanza kuimba nyimbo za kanisani, si kwa furaha.

Makanika aliingia shimoni tochi ikiwa mdomoni. Akafungua filta, akaimwaga, akaifuta kwa kipande cha fulana. Kisha akaitoa tochi mdomoni, akampa mtoto aliyekuwa karibu ammulikie, akaushika mpira wa mazutu, akafyonza kwa kinywa chake mpaka mafuta yakaja, akatema, akafyonza tena. Hewa ikiingia kwenye njia ya mafuta, dizeli haiwaki, na pampu ya kuitolea hewa ilikuwa imekufa zamani. Akalifunga bomba, akapiga kelele "Jaribu!", na injini ikawaka. Hakuna aliyempigia makofi. Mama wa vitenge alisema tu, "Sasa twende," kama mtu aliyerudishiwa chenji yake.

Wenzangu wa hapa nikiwasimulia, husema sisi tunaujua uvumilivu kuliko wao. Watu wa nyumbani nikiwasimulia ya treni, husema wazungu wana subira. Sikubaliani na wote wawili. Kama unataka kuiona subira ya Mwingereza, mtafute Jumatatu asubuhi kwenye treni ya kawaida ya kwenda kazini iliyochelewa dakika 12. Nyuso zilezile! Yule bwana wa daftari, naamini, siku hiyo anaandika barua ya malalamiko. Treni ya mvuke anaisamehe kwa sababu hakuna kinachomngoja mwisho wa reli: hakuna bosi, hakuna mgonjwa, hakuna nyanya zinazooza. Anajua atalala kwake. Dizeli iko nyuma, nauli inaweza kudaiwa, na kuna mtu mwenye kipaza sauti anayemwambia ukweli kila baada ya muda mfupi, hata ukweli wenyewe ukiwa ni kwamba bado hawajui.

Kwenye boti hakukuwa na kimojawapo cha hivyo. Na ziwani, injini iliyozimika ni mlango wa jambo baya zaidi. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiitazama, na makumi ya abiria wakafa. Anayeimba wimbo wa kanisa gizani si kwamba hana moyo wa kufurahia mashine. Mpe jaketi la kuokoa maisha, mpe boti ya pili nyuma, uone kama hatatoa simu apige picha za filta.

Kuna tukio moja ninalopenda kuwakumbusha wenyeji wangu. Desemba 2009 theluji ilizisimamisha treni za umeme kusini-mashariki mwa nchi hii. Tornado ilikuwa London ikiondoka na wateja wake wa chakula cha Krismasi. Ikawapakia bure watu wapatao 100 waliokwama, ikawarudisha makwao Kent. Kwa jioni moja, abiria wa lazima na abiria wa starehe walikaa behewa moja, na sidhani kama yeyote kati ya wale 100 alijali injini ile ilitengenezwa mwaka gani. Walitaka kufika. Ndivyo tunavyopanda sisi siku zote.

Wapo Waafrika Mashariki walio na mashine za kupendwa namna hiyo. Nairobi, kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa 1971, imesimama Mount Gelai, namba 5918, mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250 na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Miaka mingi baada ya kustaafu iliwahi kufufuliwa ikavuta treni tena. Mwenzangu anaijua kwa namba. Alishangaa kwamba mimi siijui, nikamwambia kutoka Bukavu hadi Nairobi ni mbali kuliko anavyodhani, na kwamba mimi shabiki wangu ni yule mtu aliyefyonza mazutu.

Hapo akanyamaza, kisha akaanza kuuliza maswali ya kweli. Alitumia nini kufungua filta? Alijuaje kwamba si pampu ya shinikizo? Kwenye karakana anakojitolea na wenzake, alisema, vijana wamekuwa adimu, na wazee wanaojua kuisikiliza mashine wanazidi kupungua. Mtu kama huyo wangempokea kesho asubuhi.

Yule makanika bado yupo, na tuna jamaa mmoja tunayefahamiana naye wote. Nikamtumia sauti kwa simu, nikamweleza yote: treni, injekta, wazee wanaokwenda karakana kila Jumamosi kujipaka grisi. Jibu lake lilikuja usiku.

"Kaka, hao wanalipwa ngapi kwa siku?"

Nikamwambia hawalipwi. Wanalipa wao, ada ya uanachama, kila mwaka, ili waruhusiwe kutengeneza.

"Waambie waje Bukavu," akasema. "Huku tutawaacha watengeneze bure."