Herufi za Uswisi katika Njia za Bujumbura

Mgeni aingiaye Bujumbura kwa ndege huuona mji kabla ya kuukanyaga. Upande mmoja limelala Ziwa Tanganyika, ng'ambo yake imesimama milima ya Kongo, na upande wa mashariki mji wenyewe unapanda taratibu kuelekea vilimani. Kiwanja cha ndege, kilichopewa jina la Rais Melchior Ndadaye mwaka 2019, hutambulikana kwa mapaa yake meupe ya mviringo, yaliyoigwa kutoka nyumba za asili za Warundi. Ndani yake mgeni hahitaji kujua Kirundi. Mshale humwonyesha njia, picha ya begi humpeleka kwenye mizigo, na mtu mwenye sare humtaka pasipoti.

Pasipoti hiyo inastahili kutazamwa vizuri. Chini ya ukurasa wenye picha ya mwenyewe pana mistari miwili ya herufi, tarakimu na alama zinazofanana na ncha za mishale, kila mstari ukiwa na nafasi 44. Wasafiri wengi hawajapata kuisoma hata mara moja, kwa maana imeandikwa ili isomwe na mashine. Mrundi humo huitwa BDI, Mtanzania TZA, Mkenya KEN. Herufi zenyewe zilichorwa na Mswisi aitwaye Adrian Frutiger, zikatolewa mwaka 1968 kwa jina la OCR-B. Mashine za siku zile zilipenda herufi za ajabu, zenye pembe na mafundo, ambazo jicho la binadamu lilizichukia. Kazi ya Frutiger ilikuwa kuzipatanisha mashine na binadamu: sifuri isidhaniwe kuwa O, moja isidhaniwe kuwa I, na bado msomaji aone kwamba anasoma maandishi ya kawaida. Basi kila mtu wa Afrika Mashariki avukaye mpaka na pasipoti ya namna hiyo amechukua mfukoni kazi ya mkono wa Uswisi, ajue asijue.

Hapana budi kueleza herufi za namna hii zilikotoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, katika miji ya Zürich na Basel, walitokea wachoraji wa matangazo waliochoshwa na mapambo. Wao walitaka bango liseme jambo moja, na liliseme upesi. Waligawa karatasi kwa mistari ya kulala na ya kusimama, kama mwalimu apigavyo mistari ubaoni kabla ya kuwafundisha watoto mwandiko. Kila neno na kila picha ikapewa mahali pake katika miraba ile. Kisha mistari ikafutwa, mpango ukabaki. Sehemu kubwa ya karatasi iliachwa tupu. Mwenye duka aliyezoea kulipia bango lililojaa angeweza kudhani ameibiwa.

Mwaka 1957 Max Miedinger na Eduard Hoffmann, wa kiwanda cha herufi cha Haas karibu na Basel, walitoa herufi nene, za wima, zisizo na vijimkia. Tangu mwaka 1960 herufi hizo zinaitwa Helvetica, kutokana na jina la Uswisi kwa Kilatini. Mwaka huo huo wa 1957 Frutiger naye, akifanya kazi mjini Paris, alitoa herufi zake ziitwazo Univers. Huo ndio mtindo ambao ulimwengu umekuja kuuita mtindo wa Uswisi, nao umeenea katika vituo vya treni, viwanja vya ndege na hospitali za mabara yote.

Kwa nini iwe Uswisi? Sababu moja ni lugha. Nchi ile ndogo ina lugha nne za taifa: Kijerumani, Kifaransa, Kitaliano na Kiromanshi. Tangazo moja laweza kulazimika kusema neno lile lile mara mbili au mara tatu, na pasipo utaratibu hugeuka kelele. Hata jarida la wachoraji wenyewe, Neue Grafik, lililotoka kati ya mwaka 1958 na 1965, lilichapwa kwa lugha tatu zilizopangwa bega kwa bega.

Mkazi wa Bujumbura ataielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa. Nyumbani kuna Kirundi, ofisini Kifaransa, sokoni na gereji Kiswahili. Na mwaka 2014 sheria ikakiongeza Kiingereza katika lugha rasmi. Gitega ilipofanywa makao makuu ya siasa mwaka 2019, Bujumbura ilibaki mji wa biashara, na mji wa biashara hauna hiari ya kuchagua lugha za watu wanaoujia. Kibao kimoja kikiandikwa kwa lugha zote nne, mpita njia hufika mwisho wa barabara kabla ya kufika mwisho wa kibao.

Lakini asidhani mtu kwamba mji huu umeridhia weupe na utupu. Aende Buyenzi. Huu ndio mtaa wa Waswahili, uliopimwa katika enzi ya Wabelgiji, na barabara zake zilizonyoka hutajwa kwa nambari badala ya majina ya watu. Ukitazamwa kwenye ramani, mtaa wa Buyenzi ni miraba mitupu, na mchoraji wa Zürich angefurahi. Akishuka chini na kutembea kwa miguu, furaha yake ingekoma. Mafundi magari wametandaza injini mbele ya milango, mafundi cherehani wametundika vitenge vya rangi zote, na kuelekea soko la Ruvumera hakuna mraba unaobaki mtupu hata kwa dakika moja. Kinyozi hupenda kichwa chenye nywele zilizochongwa kichorwe ukutani kwa mkono. Fundi wa magurudumu hana haja ya mchoro, kwani tairi lenyewe lililosimamishwa kando ya njia ndilo bango lake. Kampuni za simu nazo hupaka rangi zao kuta nzima za maduka.

Je, mchora vibao wa mtaani ameshindwa kazi kwa kuwa herufi zake zina vivuli, mikia na maua? La, hasha. Mteja wake anataka duka lake lifahamike kuwa ni lake, lisifanane na la jirani. Herufi ya Uswisi haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu ilitengenezwa isiwe na kabila wala ukoo. Pale ambapo mtu ataka kupendeza, mapambo yana haki yake. Penye hatari au haraka hesabu ni nyingine, na kosa la miji mingi ni kuchanganya mahali hapo pawili: kibao cha hospitali kikapambwa kama cha harusi.

Kwa njia nyingine pia mtindo ule umeingia Buyenzi na kwingineko mjini bila kupiga hodi. Mwananchi anayetaka barua ya maombi ya kazi humwendea mwenye kompyuta na mashine ya kunakili, na barua yake aghalabu hutoka kwa herufi ziitwazo Arial. Hizo zilichorwa Uingereza mwaka 1982, kila herufi ikipewa upana sawasawa na wa Helvetica ili ziweze kushika nafasi yake, na tangu mwaka 1992 zimekuwa zikisafiri pamoja na programu ya Windows. Hazikuzaliwa Uswisi, bali zimelelewa kwa vipimo vya nyumba ile.

Bango moja la Kiswisi lingestahili kubandikwa katika kila njia panda ya mji huu. Lilichorwa na Josef Müller-Brockmann mwaka 1953 kwa ajili ya chama cha wenye magari cha Uswisi. Pikipiki imepigwa picha kwa karibu mno, gurudumu lake la mbele limejaa karibu karatasi nzima, nalo laelekea kumwangukia mtoto mdogo anayekimbia. Maneno ni matatu tu, yakitaka mtoto alindwe. Hakuna damu, hakuna mama anayelia, wala hakuna hesabu ya waliokufa. Ukubwa wa gurudumu na udogo wa mtoto umesema yote, na dereva amekwisha kuelewa kabla hajayasoma maneno yale matatu. Mjini Bujumbura pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya mji mnamo Machi 2022. Amri kama hiyo huweka mpaka ambao haupo ardhini. Dereva huujua kwa kibao tu, au kwa askari aliyesimama mahali ambapo kibao kingesimama. Kibao kikiwa hafifu, askari na raia watabishana kutwa juani, kila mmoja akiamini kwamba haki iko upande wake.

Bandarini hakuna ubishi wa namna hiyo. Shehena zifikazo kwa meli kutoka Kigoma na Mpulungu hubeba michoro ambayo mpagazi asiyejua kusoma huifahamu kuliko karani. Bilauri maana yake kitu chavunjika. Mwavuli maana yake kisilowe. Mishale miwili iliyoelekea juu maana yake kisipinduliwe. Shirika la viwango lililoipa michoro hiyo kanuni moja kwa dunia nzima lina makao yake Geneva, Uswisi tena. Desturi hiyo ni njema hata nyumbani: chupa ya mafuta ya taa au ya dawa ya kuua wadudu ikichorewa fuvu la kichwa huonya hata mtoto ambaye hajaingia darasa la kwanza, ilimradi ameelezwa mara moja maana yake.

Askari huzijua alama chache kuliko raia yeyote, kwa kuwa maisha yake huzitegemea. Kila asubuhi bendera hupanda mlingotini. Bendera ya Burundi ya mwaka 1962 ilikuwa na ngoma ya kifalme, Karyenda, pamoja na mmea wa mtama. Ufalme ulipoondolewa mwaka 1966 ngoma ikafutwa. Na mwaka 1967 zikawekwa nyota tatu za ncha sita, za Umoja, Kazi na Maendeleo, katikati ya msalaba mweupe uliolala mshazari. Ngoma iliondolewa na siasa, wala si mchoraji aliyeona imezidi. Hata hivyo askari aliye mbali, bendera ikipigwa na upepo, huutambua ule msalaba mshazari kwanza. Bendera ya Uswisi nayo ina msalaba mweupe, uliosimama wima katika mraba mwekundu, na tangu mwaka 1889 imeamriwa kwamba kila mkono wa msalaba huo uzidi upana wake kwa sehemu moja ya sita. Waswisi hawakuacha hata hilo libahatike.

Tarehe 22 Agosti 1864 mataifa yaliyokutana Geneva yalikubali alama ya kuwalinda majeruhi na wanaowauguza: msalaba mwekundu juu ya nyeupe. Mkataba wa mwaka 1906 ukatamka kwamba hizo ni rangi za Uswisi zilizogeuzwa, kwa kuiheshimu nchi hiyo. Hilali nyekundu ilikubaliwa rasmi mwaka 1929, na mwaka 2005 ikaongezwa alama ya tatu, mraba mwekundu mtupu uliosimama kwa pembe. Ajabu ni kwamba Waswisi waliopima bendera yao kwa sehemu za sita waliuacha msalaba mwekundu bila kipimo, na mikataba ya mwaka 1949 haikuuwekea kipimo. Ilifanywa hivyo makusudi. Kama umbo lingepimwa, ingepata kutokea mtu akaishambulia hospitali, kisha akajitetea kwamba mkono mmoja wa msalaba ulikuwa mfupi. Vipande viwili vya kitambaa chekundu vilivyoshonwa upesi juu ya shuka jeupe vyatosha. Kwa sababu hiyo pia alama hiyo si ya kupakwa ovyo ovyo kwenye zahanati ya mtu binafsi au sanduku la dawa dukani. Duka la dawa lina msalaba wake wa kijani.

Barabara itokayo Bujumbura kwenda kaskazini hupita katika tambarare ya Rusizi na kufika mkoa uliokuwa ukiitwa Cibitoke. Tarehe 4 Juni 1996, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wajumbe watatu wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, wote Waswisi, walikuwa safarini upande huo karibu na kijiji cha Mugina. Magari yao mawili yalikuwa na alama iliyoonekana wazi, katika mwanga wa mchana. Yalipigwa risasi, na wote watatu wakafa. Hapakuwa na herufi iliyosomwa vibaya, wala rangi iliyofifia. Alama ilitimiza wajibu wake wote ambao alama yaweza kuutimiza, yaani ilionekana. Lililosalia lilikuwa mikononi mwa aliyeshika bunduki.

Kamati ilisimamisha kazi zake nchini Burundi. Iliporudi mwaka 1999, magari yake yaliingia tena katika njia zile zile yakiwa meupe, na ubavuni yamechorwa msalaba ule ule.