KIJITO KIKIKAUKA, SIKILIZA MUNGU ANAKUTUMA WAPI



Neno la leo ni lako wewe uliyepokea barua. Unaijua barua ninayoisema. Ile inayoanza kwa kukushukuru kwa utumishi wako mwema, halafu kwenye aya ya pili inakwambia mkataba hautaongezwa.

Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, barua hizo zimeingia katika nyumba nyingi hapa Kenya. Zimewafikia wahudumu wa kliniki za wanaoishi na virusi vya UKIMWI, washauri nasaha, makarani wa takwimu, madereva wa miradi, hata mama aliyekuwa akipika chai ofisini. Na hata wewe ambaye hukufanya kazi kwenye mradi unaona mambo yanavyobadilika. Benki haihitaji makarani wengi dirishani kama zamani, kwa sababu watu wanatuma na kupokea pesa kwa simu. Kazi ya kudumu imekuwa mkataba wa miezi sita, na ya miezi sita imekuwa kibarua cha wiki.

Fungua Biblia yako, 1 Wafalme 17. Eliya Mtishbi yuko kando ya kijito cha Kerithi. Mungu mwenyewe ndiye aliyemtuma pale. Kunguru wanamletea mkate na nyama asubuhi na jioni, na maji anayanywa kijitoni. Halafu Neno linasema baada ya muda kile kijito kikakauka, kwa sababu mvua haikunyesha katika nchi.

Simama hapo kidogo. Kwa nini kijito kilikauka? Je, Eliya alitenda dhambi? Aliacha kuomba? Alikosa kutoa? Hapana. Biblia imetupa sababu wazi: hapakuwa na mvua. Nchi nzima ilikuwa na ukame, na hata mtumishi aliyeutangaza ukame huo ulimfikia mahali alipokuwa amefichwa na Mungu.

Nasema haya kwa sababu kuna ndugu na dada zetu ambao wamepoteza kazi, halafu wakaja kanisani wakapoteza na amani. Mmoja anaambiwa ana laana ya ukoo. Mwingine anaambiwa apande mbegu ndipo mlango ufunguke, na anatoa ile pesa ya mwisho aliyoweka ya kodi ya nyumba. Mpendwa, uamuzi uliofanywa Washington si ushahidi kwamba wewe una laana. Mimi mchungaji wako sitapokea kwako mbegu ya kufungua mlango wa kazi. Lipa kodi ya nyumba. Wanunulie watoto unga. Mungu hauzi nafasi za kazi.

Sasa angalia kilichofuata. Mungu hakukijaza kile kijito tena. Angeweza, maana ni yeye mwenye mvua. Badala yake alimwambia Eliya aondoke aende Sarepta, ulio wa Sidoni. Tena Sidoni palikuwa kwao Yezebeli, yule malkia adui yake. Baba yake Ethbaali ndiye aliyekuwa mfalme wa Wasidoni. Kama Eliya angejichagulia mahali pa kwenda, nadhani Sidoni pangekuwa pa mwisho kwenye orodha yake.

Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Tumekaa kando ya kijito kikavu, tunaomba maji yarudi. Tunatafuta cheo kile kile, mshahara ule ule, aina ile ile ya ofisi. Miezi inapita. Omba, ndiyo, lakini ukiomba uwe tayari kusikia jina la mji ambao hukuufikiria.

Kaa chini na kalamu. Usiandike cheo ulichokuwa nacho; andika vitu ambavyo mikono yako inajua kufanya. Ewe karani wa takwimu, kwa miaka ulitunza rekodi za wagonjwa, ukajumlisha hesabu, ukatuma ripoti kwa wakati. Tangu Oktoba 2024 mamlaka ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, zahanati binafsi za mitaani zinalazimika kuweka rekodi sawasawa ili zilipwe. Ingia humo uulize kama wanahitaji mtu wa kazi hiyo. Ewe mshauri nasaha, ulijifunza kumfuatilia mtu aliyekata tamaa kwa upole hadi arudi. Vyama vya akiba na mikopo vinamtafuta mtu wa namna hiyo, shule zinamtafuta, familia zenye mgonjwa nyumbani zinamtafuta. Ujuzi wako haukuisha siku mkataba ulipoisha.

Kabla hujaondoka kijitoni, chukua kilicho chako. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri akiondoa nafasi yako kwa kupunguza wafanyakazi, akupe notisi isiyopungua mwezi mmoja, akulipe siku za likizo ulizokuwa nazo, na akulipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Mkataba uliofika tarehe yake ya mwisho una hesabu nyingine, kwa hiyo usome vizuri. Omba pia cheti cha utumishi. Ni haki yako ikiwa ulifanya kazi majuma manne au zaidi. Ukiona umedhulumiwa, nenda kwa afisa wa kazi. Kudai haki kwa adabu hakupingani na wokovu.

Na njiani kuelekea Sarepta kuna wanyang'anyi. Mtu akikuomba pesa ya "kuharakisha faili", kimbia. Akikuahidi kazi ya Ghuba na kutaka pasipoti yako leo hii, tafuta kwanza jina la kampuni yake kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na usikope pesa kutafuta cheti cha polisi na vibali vingine kwa kila tangazo unaloliona. Sheria ilirekebishwa 2022, na mwajiri hatakiwi kukudai vyeti hivyo kabla hajaamua kukuajiri.

Turudi kwa Eliya. Anafika kwenye lango la mji, anamwona mjane anaokota kuni. Anafanya nini? Anafungua kinywa. Anaomba maji. Mama anapoondoka kuyaleta, anamwita tena na kumwomba kipande cha mkate. Nabii mkubwa, aliyesimama mbele ya mfalme Ahabu bila kutetemeka, anamwambia mama maskini kwamba ana njaa.

Mpendwa, wewe umemwambia nani? Wapo wanaovaa shati safi kila asubuhi, wanamuaga mke, wanakaa bustanini hadi saa kumi na moja, kisha wanarudi nyumbani kana kwamba wametoka kazini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Leo jioni mwambie mwenzi wako. Hesabuni pamoja kilichobaki. Mwambie mwenye nyumba kabla hajaja kugonga mlango. Waambie watu wa chama chako. Halafu mwambie hata yule unayemwona hana kitu, kwa sababu Mungu hakumtuma Eliya kwa tajiri wa Sidoni. Alimtuma kwa mama aliyebakiwa na konzi moja ya unga. Habari ya kazi inaweza kutoka kwa mlinzi wa geti, au kwa dada anayeuza mboga mbele ya ofisi, kuliko kwa mkubwa ambaye hajibu simu zako.

Na wewe ambaye bado una kazi, usilipite neno hili. Katika hadithi hii wewe ndiwe mjane. Una konzi moja tu, najua, na makato kwenye mshahara yameongezeka. Lakini ukisikia nafasi, usiifiche. Ukiombwa kusoma CV ya mtu, isome. Na ibada ikiisha usimuulize ndugu yako, "Bado hujapata tu?" Muulize, "Ni nani nikupeleke ukaonane naye?"

Mwisho, ona jinsi Mungu alivyowalisha. Hakuleta magunia kumi. Pipa halikuisha unga na chupa haikuisha mafuta, lakini kila asubuhi yule mama aliingiza mkono akatoa cha siku hiyo. Kwa hiyo kibarua cha siku tatu kikija, kifanye. Kazi ya mjengo, kuuza mitumba, kufundisha watoto wa jirani hesabu jioni, yote ni unga wa leo. Usione haya, wala usidhani Mungu amekushusha. Anakuvusha hadi mvua inyeshe.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili kutakuwa na meza nyuma ya kanisa. Ndugu wanaofanya kazi ya kuajiri watu watakaa hapo kusoma CV zenu na kuzinyoosha, na uchapishaji ni bure. Njoo hata kama bado unaona aibu. Kama huwezi kuja mbele ya watu, nitumie ujumbe. Nitausoma mimi mwenyewe.

Tuombe. Baba, waone wanao waliokaa kando ya kijito kikavu. Waondolee aibu na hofu ya kesho. Wape masikio ya kusikia unawatuma wapi, miguu ya kwenda, na kinywa cha kuuliza. Wakutanishe na mtu langoni. Na sisi tulio na konzi moja, utupe mkono usiofumba. Katika jina la Yesu, Amina.

Ukimjua mtu aliyepokea barua, mtumie neno hili leo. Kisha mpigie simu.