Likizo Si Harambee

Kwa miaka minne dadangu ameulizwa kila kitu kwenye kundi letu la WhatsApp isipokuwa kama amechoka. Ameulizwa karo. Ameulizwa tangi la maji. Ameulizwa kama simu ni bei rahisi huko Doha, na kama anaweza kumtafutia binamu kazi, na huyo binamu hata pasipoti hana. Kisha Septemba mwaka jana akapata likizo ya wiki mbili, akakataa kuja nyumbani, akaniambia tukutane Uturuki. Wasee wakakasirika kama watu waliochomewa shamba.

Maneno yote nimeyasikia. Ati nauli ingemaliza choo cha shosho. Ati anajifanya tajiri. Na mimi niliyemfuata na kamera ndiye ninayemharibu. Sawa, wacha tuongee.

Wenye hawajui, hivi ndivyo mtu wa Ghuba hupumzika akija kwetu Kinangop. Anafika usiku. Asubuhi akiamka, kuna watu watano sebuleni na chai mkononi, na kila mmoja ana kashida kadogo. Jumapili kuna mchango kanisani na jina lake limeshasomwa kabla hajaingia. Mara ya mwisho alipokuja alirudi Doha na deni. Hiyo si likizo, ni harambee ya siku kumi na nne, na mgeni wa heshima ndiye anatoa pesa zote.

Kwa hivyo alidunduiza kwa mwaka mmoja na miezi miwili, kando na zile anazotuma nyumbani, na tukakutana Antalya, yeye akitoka Doha, mimi nikibadilisha ndege Istanbul.

Kama hujui Antalya, ni pwani ya kusini mwa Uturuki. Bahari ya Mediterania iko mbele, Milima ya Taurus iko nyuma, na haijakaa mbali kama Mlima Kenya ukiwa Nairobi, ile ya kuvizia asubuhi kama mawingu yametoka. Hapana. Unaoga baharini, unageuka, mlima uko hapo mgongoni. Mjini ufuo maarufu unaitwa Konyaaltı, na nikuonye mapema, ni kokoto tupu. Picha haziambii nyayo ukweli. Kuna mji wa zamani, Kaleiçi, na lango la mawe lililojengwa wakati kaisari Hadrian wa Roma alipotembelea mwaka 130. Tulipiga picha zetu tukaondoka, maana hatukuwa tumeenda kwa ajili ya mji.

Tulienda Çıralı, kusini zaidi. Unapanda gari dogo linaloitwa dolmuş, na jina lenyewe linatokana na kujaa. Manze, nilijiona niko stendi ya Njabini. Linakushusha kwa barabara kuu, unapata lingine linalozungukazunguka kushuka hadi baharini. Hakuna hoteli za ghorofa ufuoni pale. Kasa hutaga mayai mchangani, na viota vyao vimefunikwa kwa vizimba vya waya watu wasivikanyage. Watu hulala kwenye vijumba katikati ya michungwa, na chetu kilikuwa cha familia moja, mama na mwanawe.

Kazi ya dadangu huko Doha ni kusafisha vyumba vya hoteli. Asubuhi ya kwanza niliamka nikamkuta ametandika vitanda vyote viwili, kona za shuka zimekunjwa kama bahasha, na yuko bafuni anasugua vigae. Mama mwenye nyumba alipokuja na ufagio alisimama mlangoni, hajui aingie ama arudi. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu yule mama akamnyang'anya shuka mkononi, akamwita abla, ambalo kwao ni jina la dada mkubwa, na akamwonyesha kiti nje. Dadangu alikaa kwenye hicho kiti kama mtu aliyeitwa kwa ofisi ya mwalimu mkuu.

Doha nayo iko baharini, si mnajua? Miaka minne na hajawahi kuloweka hata kifundo cha mguu. Siku yake moja ya mapumziko kwa wiki ni ya kulala na kufua.

Aliingia maji, akayapenda, lakini si bahari iliyomfungua. Ilikuwa joto bado, na joto analo la kutosha huko anakofanya kazi. Alichokuwa anakitazama kila jioni ni ule mlima. Unaitwa Tahtalı, mita 2,365, na kuna gari la kamba linalopanda hadi kileleni kutoka karibu na pwani. Bei yake inauma, sitaficha. Nilitaka tuache. Akasema atalipa yeye, na kwamba tusipopanda, basi yeye hajaenda likizo.

Kama dakika kumi hivi, misonobari ikawa chini yetu, kisha mawe matupu, kisha bahari yote kama shuka la buluu. Mlango ulipofunguliwa, baridi ikatupiga usoni. Watu wote walikimbilia majaketi. Dadangu alivua sweta.

Fikiria, huo mlima wote, na Kinangop kwetu tuko juu kama huo ama hata zaidi. Tulikuwa tumepanda hadi kimo cha nyumbani tu. Alinunua chai, akakaa nje saa nzima mikono ikiwa imemsimama vinyweleo, akaniambia, "Ni kama kwetu asubuhi, bila watu mlangoni."

Sikurekodi hiyo. Kuna vitu havina haja ya kamera.

Jioni tukamweleza mama mwenye nyumba, simu ikitutafsiria, naye akacheka sana. Akasema wageni ndio hupanga foleni ya bahari mwezi wa nane. Watu wa huko, mwenye uwezo hupanda milimani kukitokota, mahali wanapaita yayla. Zamani wafugaji wao, Wayörük, walikuwa wanahama na mbuzi wao, baridi wakae pwani, kiangazi wafuate nyasi na hewa juu, kama vile Wamaasai na ng'ombe wao. Kumbe sisi wawili na sweta zetu ndio tulikuwa na akili ya wenyeji.

Usiku mmoja tulipanda Yanartaş kuona moto unaotoka kwenye mwamba wenyewe, gesi inayowaka tangu enzi za Wagiriki. Watu wanachemsha chai juu yake. Kizuri, lakini viatu viwe vya maana.

Sasa turudi kwa wenye hasira. Mathe si mtu mbaya, na choo cha shosho kinahitajika kweli, hilo sibishi. Lakini nimefanya hesabu. Pesa alizotuma nyumbani kwa miaka minne ni zaidi ya mara ishirini ya alizotumia Uturuki. Na angezitumia hizo za Uturuki kuchinja mbuzi na kununulia wanaume pombe sokoni, angeitwa mtu wa watu. Kilichowauma si pesa, ni zile picha. Mwanamke amekaa kwenye kiti, miguu juu, hampikii mtu na hamsafishii mtu. Hiyo picha ilikataa kumezeka.

Na wale mnaouliza mbona asingeenda Diani, ni kwenu, ni karibu? Jibu ni hilo hilo, ni karibu. Kabla hajafungua begi, shangazi wa Ukunda angekuwa kwa geti.

Pesa za choo alituma Novemba. Kimekwisha, kina mlango wa chuma, na hakuna aliyeandika neno kwenye kundi.

Mwaka huu anakuja nyumbani, siku kumi. Tarehe amenipa mimi peke yangu, na ameniapisha. Kama wewe ni binamu yangu na unasoma hii, usinipigie.