Ukilikuta Gari la Farasi Barabarani

Lancaster, Pennsylvania

Mpwa wangu mpendwa,

Hongera kwa kupata leseni. Nimesikia njia yako ya kazini itakuwa Barabara ya 340, inayopita Bird-in-Hand na Intercourse. Huko wanaishi Waamishi, watu wa dini wasiomiliki magari ya injini. Wana haki ya barabara kama wewe, kwa hiyo nisikilize mjomba wako.

Kwanza, mwendo. Gari la farasi huenda kama kilomita 13 kwa saa. Wewe ukija na maili 55, yaani kilomita 88, mita 100 zilizo kati yenu zinakwisha kabla ya sekunde 5. Ukiona tu ile pembetatu ya rangi ya chungwa nyuma ya gari la kijivu, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo.

Ukishalifikia, tulia. Usipige honi. Farasi amewekewa vikingio pembeni mwa macho, haoni kinachotoka nyuma ila anakisikia, na akishtuka anaweza kukuingilia. Usiku shusha taa. Mkisimama, mwachie nafasi, maana farasi huweza kurudi nyuma hatua kadhaa.

Hatari kubwa iko kwenye kuovateki. Kabla hujatoka, hakikisha mwenye farasi hakati kushoto kuingia shambani. Tazama indiketa, tazama na mkono wake. Usipite kwenye kona wala mlima. Njia ikiwa nyeupe, pita polepole ukiwa mbali naye, na usirudi upande wako mpaka umwone farasi mzima kwenye kioo. Jumapili zidisha uangalifu: Waamishi husali majumbani, na magari yao hufuatana barabarani.

Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo, na kinga yenyewe ni subira yako. Gari lile ni jepesi, halina mfuko wa hewa, na mara nyingi watoto ndio wanaokaa nyuma, upande unaotokea wewe. Mwenye chuma kizito ndiye anayepaswa kungoja.

Toka nyumbani mapema. Ukichelewa hata hivyo, mwambie msimamizi wako ukweli. Saa ya kazi hufidiwa, roho ya mtoto wa mwenzio haifidiwi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mjomba wako